Matawi Yaliyobaki Relini

Juma lililopita mdogo wangu alinipa lifti mpaka Muheza. Yeye ni dereva wa lori, kama alivyokuwa baba yetu, na siku hiyo alikuwa akipeleka kontena Arusha. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya baba pale nyumbani Mabawa, Tanga, nami nilitaka kwenda kusimama kidogo kaburini kwake, maana tumemzika Muheza, ubavuni mwa babu. Tulipofika pale reli inapokatiza barabara tukakuta magari yamesimama. Treni ya mizigo ilikuwa inapita taratibu, behewa baada ya behewa, na juu ya kila behewa kontena. Mdogo wangu akazima injini, akauegemea usukani.

"Yaone hayo," akasema. "Hayo ndiyo yanayokuja kutula, dada."

Akanieleza wanayoyasema madereva bandarini. Reli inatengenezwa, na ikikaa sawa kontena litashuka melini na kupanda treni moja kwa moja mpaka bara. Malori yataachiwa safari za kutoka stesheni kwenda dukani. "Tutakuwa bodaboda wa makontena," akasema, akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mimi nilikuwa nachungulia katikati ya magurudumu ya treni, chini kwenye mataruma yanayobeba reli, natafuta kitu ambacho nilijua hakipo.

Ndugu unayenisikiliza, utotoni mwangu reli hiyo ilikuwa imelala. Treni ya abiria ilikoma kwanza, ya mizigo ikawa inakuja mara moja moja, mwisho nayo ikakatika. Babu alikuwa mtu wa gengi, wale waliotembea relini kila asubuhi na nyundo begani, kukaza palipolegea na kubadilisha mataruma yaliyochoka. Alipopunguzwa kazini hakuhama. Nyumba yake ilikuwa kando ya tuta la reli, nyuma yake shamba la michungwa, mbele yake reli, na ng'ambo ya reli barabara kuu. Asubuhi aliendelea kutoka na jembe, akapalilia kile kipande kilichopita mbele ya nyumba yake. Majani yalitaka kuimeza reli yote, lakini pale kwa babu kokoto zilikaa safi kama mchele uliopetwa.

Wapita njia walimtania. "Mzee, hiyo mihogo yako ya chuma itakomaa lini?"

Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Mgeni hatangazi siku. Mradi akute uwanja umefagiwa."

Shule zikifungwa, mama alinifungia nguo zangu kwenye kanga na baba akanipandisha kwenye lori kunipeleka huko. Kabini ile naikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala. Ilinuka dizeli na blanketi la baba na maganda ya machungwa yaliyokaukia juu ya dashibodi. Kiti kilikuwa kimepasuka na sponji yake nilikuwa naichokonoa kwa kidole mpaka baba anikoholee. Kule juu nilimwona baba uso kwa uso, na hilo halikuwa jambo dogo. Nyumbani nilimjua zaidi kwa mgongo. Alifika amechoka, akala, akalala ameuelekea ukuta, na tukiamka kashaondoka. Siku za kurudi alipiga honi toka mbali, honi yake ndefu inayomalizikia kama mtu anayeguna, na mama alipoisikia aliacha lolote analofanya akakalia mbuzi kukuna nazi. "Nyamazeni, baba yenu huyo," alikuwa akisema, na harufu ya mbaazi za nazi ilikuwa inatangulia kumkaribisha kabla hajavua viatu.

Baba alipenda kazi yake. Alinifundisha mambo ya barabara kama wengine wanavyofundishwa hadithi. Gari likiharibika, dereva hukata matawi mabichi, akayapanga barabarani mbele na nyuma, ili anayekuja ajue kuna aliyekwama na apunguze mwendo. Hilo kila mtu analijua. Lakini baba alikuwa na neno lake juu yake: "Gari likipona, okota matawi yako." Aliyeondoka akayaacha alimwita mwongo, maana anawatia watu hofu ya kitu ambacho hakipo. Nimemwona akisimamisha lori na mzigo wake wote, akashuka kuokota matawi ya mtu asiyemjua.

Tulipofika Muheza ndipo ugomvi ulipokuwa. Ulikuwa ugomvi wa kimyakimya, wa watu wanaopendana. Babu hakulitambua lile lori. Basi alipanda, baiskeli alipanda, lakini lori la mwanawe aliapa hatalikanyaga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naona umekuja na kuku wako juu ya baiskeli." Hivyo ndivyo alivyokuwa akiliita kontena lililokaa juu ya trela.

"Panda basi twende hapo Segera tu, nikurudishe. Ukae mbele, uone dunia."

"Nipande lori, reli inanitazama?"

"Reli imekufa, baba."

"Imelala. Na huyo aliyeiibia shuka ndiye huyo unayemwendesha."

Baba aliufungua mlango wa abiria kila aliposimama pale. Sijui kwa nini hakuchoka. Aliufungua, akangoja, babu akatazama pembeni, baba akaufunga polepole bila kuubamiza, akapanda upande wake akaenda. Nami nilibaki na bibi, tukimenya mihogo, nikamwuliza kwa nini babu anamchukia baba. Bibi akacheka mpaka kisu kikamtoka. "Amchukie? Wee mwana, hebu mtazame saa anazokwenda kulima hiyo reli. Jua liko utosini, wenziwe wamekaa kivulini. Ni saa ambazo baba yako anapita."

Tangu hapo nilianza kuangalia, na ilikuwa kweli. Siku ambazo tajiri wa baba, mwenye lori, alitaka mzigo ufike haraka, baba hakusimama, alipiga honi tu akapita. Babu hakuinua kichwa. Lakini jembe lilisimama hewani, likangoja lori lipotelee kwenye kona, ndipo likashuka.

Masika ya mwaka mmoja nilikuwa kwao babu alipougua kifua. Mvua haikuacha nafasi. Bibi alimchemshia majani, akamkanda kwa mafuta, akamsomea dua, lakini pumzi ikazidi kuwa fupi. Hatukuwa na simu. Bibi alijitanda kanga, akavuka reli, akasimama kando ya barabara kwenye mvua na kusimamisha lori la kwanza lililopita. Akamwambia dereva jina la baba. Na yule dereva akamwambia mwenzake aliyekutana naye njiani, naye akamwambia mwingine, habari ikapanda barabara kwa midomo ya madereva mpaka ikamkuta baba huko Same, anabadilisha tairi. Aligeuza na mzigo wake vilevile. Tajiri alikuja kumsema sana baadaye, lakini hayo ni ya baadaye.

Alifika jioni, nguo zimemganda mwilini. Hakumsalimu mtu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Baba, twende hospitali Tanga. Hakuna basi saa hizi. Kuna hili langu tu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Bibi akageukia ukutani. Babu alimtazama baba muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Limeoshwa?"

"Mvua imeliosha."

"Haya."

Baba alimbeba mgongoni kama mtoto. Walipofika relini babu akamgonga begani, akamtaka asimame. Akaitazama reli yake kulia na kushoto, maji yakitiririka katikati ya mataruma, kisha akamwambia aendelee. Tulikaa mbele, babu dirishani na blanketi la baba limemfunika mpaka kidevuni, bibi katikati akiwa amenipakata. Lori lilipoanza kwenda, babu akajiinua kidogo. Toka kule juu, mpaka tulipokata kona, reli ilionekana yote, imenyooka ndani ya majani, na kile kipande chake cheupe kimejitenga kama mstari uliopigwa chaki.

"Kumbe ndivyo unavyoniona," akasema.

"Ndivyo ninavyokuona," baba akajibu.

Huko njiani nililala, na nilipoamka tulikuwa Tanga na watu wanamshusha. Babu alifariki alfajiri. Alirudi Muheza kwa lori lilelile, kontena limekwisha shushwa, jeneza peke yake kwenye trela kubwa namna ile na baba akiendesha taratibu kuliko nilivyowahi kumwona.

Baada ya mazishi wanaume walirudi na kukaa mkekani. Baba hakukaa. Alichukua panga, akaingia kwenye michungwa ya babu, akakata matawi mabichi, mengine yakiwa bado na machungwa machanga. Akayabeba kwa kuyakumbatia mpaka relini. Nilimfuata. Aliyapanga juu ya mataruma, mwanzoni na mwishoni mwa kile kipande cha babu, kwa nafasi, kama dereva aliyekwama. Jirani mmoja akaguta, "Sheikh, unamzuilia nani hapo? Treni yenyewe haipo!" Bibi akamnyamazisha. "Mwacheni," akasema. "Kila mtu analia kwa lugha ya kazi yake."

Baba hakuyaokota matawi yale. Ndilo jambo ambalo nimeishi nalo. Mtu aliyeshuka garini kuokota ya wengine, yake aliyaacha. Likizo iliyofuata niliyakuta yamekauka. Iliyofuata tena, majani ya porini yalikuwa yamepanda juu yake, maana hapakuwa tena na wa kupalilia. Bibi alikufa nasi tukakua. Baba aliendelea kupita pale kwa miaka mingi, na kila alipopita alipiga ile honi yake, watu wakadhani anasalimia wauza machungwa.

Basi nikuambie kweli, wewe unayenisikiliza. Treni ilipomaliza kupita siku ile, sikujua nimwonee nani huruma. Kama yale makontena yangepanda reli tangu zamani, baba angelala nyumbani. Ningemjua kwa uso. Mama asingezeeka akitega sikio barabarani. Watoto wa mdogo wangu wanamwona baba yao kama tulivyomwona wetu, na huenda reli ikawarudishia baba. Hilo ni jema, siwezi kusema si jema. Babu angefurahi mpaka angetupa jembe. Lakini mdogo wangu ana lori moja tu, na ndilo analolishia wanawe, na niliona mikono yake ilivyoushika ule usukani.

Tulipotoka kaburini, alisimamisha lori mbele ya palipokuwa nyumba ya babu. Ukuta mmoja umebaki. Michungwa michache imeachwa ikawa mirefu isiyo na adabu. Nilikata matawi, nikaenda nayo mpaka kwenye tuta. Reli sasa inang'aa, mataruma ni mapya, kokoto ni mpya. Pale baba alipoyapanga ya kwake hapakuwa na hata kijiti.

"Dada, hapo hapana," mdogo wangu akaniita kwa upole. "Inapita hiyo sasa."

Kweli. Inapita. Mgeni wa babu amefika, na uwanja umefagiwa na wengine.

Akanipokea yale matawi, akayapeleka barabarani, akayapanga nyuma ya lori lake, kwa nafasi, kama tulivyofundishwa wote wawili. Tukasimama kando tukamwombea baba dua. Malori yaliyokuwa yanakuja yalianza kupunguza mwendo, moja baada ya jingine, makubwa yale, yakipita kwa heshima kana kwamba kuna mgonjwa. Dereva mmoja akatoa kichwa. "Vipi, mwanangu, imekugomea?"

"Hapana, kaka, iko poa. Nenda tu."

"Sasa matawi ya nini, unatutisha?"

Mdogo wangu alimpungia mkono tu. Kisha akanikumbatia, akapanda, akaniambia basi la kurudi Tanga halitachelewa. Aliondoka akapiga honi, akaivuta mpaka ikaguna mwishoni, ileile ya baba. Huko Mabawa mama sasa hasikii vizuri. Hakuna anayekimbilia mbuzi ya nazi.

Gari lilikuwa zima, kwa hiyo nikarudi barabarani kuyaokota matawi. Yote, mpaka jani. Nikabaki nimeyakumbatia katikati ya reli na lami, yananuka machungwa, na sikujua niyaweke wapi.