Swali la Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza katika boma la Tanga, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Karani Mkuu alinipa kiti na onyo. "Mkalimani hana lake," alisema. "Bwana akikasirika, nawe kasirika. Akinyamaza, nyamaza."

Kazi yangu ilikuwa kuyageuza maneno ya Mwingereza kuwa Kiswahili kabla hajavuta pumzi ya pili. Miaka minne baadaye nikahamishiwa Pangani, chini ya Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya. Alikuwa mpole, na alipenda kufundisha. Uchaguzi wa kwanza ulipokaribia, aliitisha baraza awaeleze watu jinsi serikali ya bunge inavyokwenda kwao Uingereza.

Neno waziri lilinipa taabu. Watu wa pwani walilijua tangu enzi za Sultani, wakadhani Waziri Mkuu ni mtumishi wa mfalme tu. Basi nilieleza taratibu: Malkia ana taji, lakini mwenye kuendesha serikali ni Waziri Mkuu. Anasimama kwa nguvu ya wabunge walio wengi. Yeye ndiye anayependekeza mawaziri na kuwaondoa. Ila wabunge wakiacha kuwa na imani naye, lazima ang'oke, au uchaguzi uitishwe upya.

Bi Mwanaidi, mjane aliyekuwa akiuza mafuta ya nazi sokoni, akasimama.

"Anaondoka bila vita?"

"Bila vita," nilitafsiri jibu.

"Na sisi tukimkataa Gavana, naye ataondoka?"

Bwana Shauri alitazama saa yake, akaniambia kwa Kiingereza, "Mwambie muda umekwisha."

Nikamgeukia Bi Mwanaidi. "Bwana Shauri anasema, muda umekwisha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakashikana mikono. Wote walidhani nimetaja muda wa Gavana.

Ofisini Bwana Shauri alifunga mlango. "Ulifanya makusudi?"

"Nilitafsiri, Bwana."

"Najua ulitafsiri. Nimekuuliza jingine."

Nikasema hapana. Mpaka leo sijui kama nilisema kweli. Wiki iliyofuata nilipewa barua ya kuhamia Amani, kwenye kituo cha utafiti, nikatafsiri matangazo ya dawa ya mbu katika ukungu wa milimani. Sikupata hata nafasi ya kumuaga yule mama.

Huko Amani ndiko redio ilikonikuta, iliposema kwamba sasa nchi yetu ina Waziri Mkuu wake. Wenzangu walicheza. Mimi nilitamani kuwa Pangani, nimsikie Bi Mwanaidi atauliza nini. Nilipopata likizo nikashuka Pangani, nikavuka mto kwa kivuko hadi ng'ambo alikokaa, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwake. Binti yake alinipokea ukumbini.

"Mama ametangulia, kaka. Wakati wa ugonjwa alikuwa akikutaja. Alisema yule mkalimani akirudi, yeye ana maswali mengine ya kumuuliza."

"Maswali gani?"

"Hakutwambia. Alisema hatungeyaweza."

Sasa nimestaafu, nakaa Ngamiani, mjini Tanga. Bunge likianza, nafungua redio mapema. Nawasikiliza mawaziri wakiulizwa na wakijibu, na wengi wanajibu vizuri. Lakini anaposimama mbunge mwanamke, naongeza sauti ya redio, nikasogeza kiti.