Mota ya Kompyuta na Salamu za Mama Mkwe

Kompyuta ile ililetwa shuleni Getanuwas kabla ya umeme, wakubwa wakapiga nayo picha, kisha ikaishi kwa heshima zote kama kitagio cha kuku wa mwalimu. Ilipotupwa, Gidabuday, mfugaji wa hapo kijijini, akaichomoa mota ya diski. Wenzake huchunga ng'ombe na kunyamaza. Yeye huchunga huku akifungua redio za watu, na nyingi hazifungiki tena.

Siku hiyo hakuwa anacheza. Mkewe, Fausta, alikuwa amekimbizwa hospitali na uchungu wa uzazi uliokataa kuisha, akisindikizwa na mama yake, Marieta. Simu ya Gidabuday ilikuwa imekata moto kwa kukosa chaji. Mawingu yalikuwa yameulalia mlima Hanang wiki nzima, na sola za kijiji kizima zimenuna.

Akapindua baiskeli miguu juu, tairi la nyuma likagusa kichwa cha mota, nyaya zikapita kwenye vidude vya redio mbovu hadi betri ya simu. Akazungusha pedali kwa mkono.

"Zungusha, bwana," akasema jirani yake, Patriki. "Labda baiskeli itazaa."

Patriki akalisikia neno lililomtoka. Akashika pedali ya pili.

Wakazungusha mpaka viganja vikachubuka. Simu ikawaka, na hapo hapo ikaita. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na ndama?"

"Hawajambo, mama."

"Mbuzi je?"

Kwao hajazaliwa mwanamume wa kumkatiza mama mkwe katikati ya salamu. Gidabuday akajibu moja baada ya nyingine, jasho likimwingia machoni. Walikuwa wamefika kwa punda simu ilipokata moto tena.

"Mkeo yuko hospitali, wewe unatoa habari za punda?" Patriki akauliza.

"Ningefanyaje? Ni mkwe."

Wakarudi kwenye pedali. Safari hii Gidabuday alikuwa ameamua: adabu ataiomba radhi baadaye. Simu ilipowaka akapiga mwenyewe, wala hakungoja.

"Mama, Fausta mzima?"

Katika maisha yake yote Marieta alijua mkwe huruka salamu kwa sababu moja tu: habari ya msiba imeshamfikia.

"Kumbe," akasema taratibu. "Nani ameniwahi kukuambia?"