"Nipo," Alisema Linnea

Shelby Rasmussen alikuwa mtu wa orodha. Kabla ya maisha ya magurudumu alipanga zamu za wauguzi wenzake katika hospitali moja kule Duluth, na mpaka leo akiona jambo lenye hatua zaidi ya tatu, mkono wake hutafuta kalamu. Miaka minne iliyopita yeye na mumewe Garrett waliuza nyumba yao, wakanunua gari kubwa la kuishi ambalo watoto walilibatiza jina la Basi. Tangu hapo watu watano walilala, wakasoma, wakagombana na kupatana ndani ya urefu wa hatua kumi na mbili.

Orodha ya kuondoka ilibandikwa juu ya sinki. Maren, mwenye miaka kumi na miwili, alifunga makabati. Colby, wa miaka tisa, alikunja viti. Linnea, wa sita, aliondoa mawe ya kuzuia magurudumu. Hatua ya mwisho ilikuwa kuita majina, nayo ilifanyika kwa redio za mkononi, kwa sababu Shelby husimama nyuma akikagua taa za breki, na kwa sababu watoto waliipenda. Basi halikusogea hata inchi moja mpaka sauti tatu zimesema "Nipo."

Asubuhi hiyo ya mwezi wa tano, katika jangwa la Arizona, walikuwa wamechelewa. Wenzao walishakimbilia milimani kabla joto halijashika. Kambi nzima alibaki mjane mmoja, Verna, na mbwa wake mgonjwa. Tena chuma cha kuvutia gari dogo nyuma ya Basi kilikuwa kimekatika pini, kwa hiyo ilibidi Shelby aliendeshe mwenyewe mpaka mjini.

"Leo tunakwenda kwa msafara, Shel," Garrett alisema. "Rais na walinzi wake."

"Na rais ni nani?"

"Mwenye choo."

Verna alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe cha kahawa. "Mnaondoka au mnaota mizizi?" alipaza sauti. "Marehemu mume wangu alikuwa anapakia haraka kuliko nyinyi, na mguu alikuwa nao mmoja!"

Shelby aliingia garini, Maren akakaa kando yake. Akaishika redio.

"Maren?"

"Nipo, Mama. Karibu nikukalie begani."

"Colby?"

"Nipo."

"Linnea?"

Redio ilikwaruza kidogo. "Nipo, Mama."

Wakaondoka.

Linnea siku zote hukaa ndani ya Basi, kwenye kiti cha mezani, nyuma ya baba yake. Garrett aliona kiti kitupu, akajua mtoto kapanda na mama, kwa maana tangu kifungua kinywa alikuwa akililia kupanda gari dogo. Na sauti yake kila mmoja aliisikia.

Walikwenda maili kumi na moja za vumbi mpaka kituo cha mafuta kando ya lami. Garrett akashuka na Colby, akanyoosha mgongo.

"Mwambie Linnea aje akojoe kabla hatujashika barabara kuu."

"Si yuko kwako?"

Garrett alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Shel, yuko kwako. Aliitika."

"Aliitika," Shelby alisema. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kuitika na kuwepo ni vitu viwili, na kwamba kwa miaka minne alikuwa akihesabu sauti.

Hakukuwa na la kujadiliana. Basi lisingeweza kukimbizwa kwenye njia ile nyembamba. Garrett akabaki kupiga simu ya dharura, maana kambini simu hazikushika. Shelby akageuza gari, Maren bado akiwa ndani.

Aliendesha kwa kasi ambayo angemkaripia mtu mwingine kwayo. Kazi yake ya zamani ilimfundisha mambo ambayo sasa alitamani asingeyajua: kwamba mwili mdogo hupata moto upesi kuliko wa mtu mzima, na kwamba jasho likikata, dakika huanza kuwa chache. Ilikuwa saa nne unusu.

"Mama," Maren alisema polepole. Alikuwa ameokota kitu miguuni pake. "Kofia yake iko hapa. Na chupa yake."

"Mwite."

"Linnea, Linnea, unanisikia?" Redio zile zilifika maili mbili tu, hata hivyo Maren aliita njia nzima, mpaka sauti ikamkauka.

Kambini, Verna alitoka akitabasamu. "Mmesahau nini tena?"

"Linnea."

Kikombe kilimponyoka. "Nilimwona nyuma ya lile jiwe, anamuaga mjusi wake, anaongea na redio. Nikaingia kumpa mbwa dawa. Nilipotoka hayupo, nikasema mmemchukua. Mungu wangu, mwanangu, nilisema mmemchukua."

Nyuma ya jiwe hapakuwa na mtu. Shelby alisimama mahali Basi lilipokuwa. Palibaki mstatili wa ardhi isiyo na vumbi. Aliita jina hadi likamrudia kutoka kwenye vilima. Mbona hakubaki hapa? Walimfundisha mara mia: ukipotea kambini, rudi nyumbani, ungoje.

Maren ndiye aliyesema. "Mama, hapa si nyumbani. Nyumbani kumeondoka. Atakuwa amelifuata Basi."

"Tungempita njiani."

"Siyo njia hii." Maren alikuwa ameinama. Alama za matairi ya Basi zilikuwa mbili. Moja ilielekea lami. Nyingine ilishika kushoto, kwenye mkondo mkavu wa mto, huko Garrett alikokwenda juzi kujaza maji kisimani. Juu ya alama za kushoto palikuwa na nyayo ndogo za viatu vya wazi.

"Nendeni," Verna alisema. "Mimi nabaki hapa, asije akarudi akakuta tupu mara ya pili."

Gari dogo, kwa matairi yake membamba, lilifika robo maili likaanza kuzama mchangani. Shelby akalizima. Na hapo redio ikakwaruza.

"…mko mbali sana."

"Linnea! Mpenzi, simama hapo ulipo. Usitembee."

"Nikisimama Basi litaniacha."

"Limesimama. Baba amelisimamisha. Unaona nini?"

"Mchanga."

"Maren, bonyeza honi. Linnea, honi iko wapi?"

Honi ililia jangwa zima.

"Nyuma yangu," ilisema sauti ndogo, nzito kama ya mtu anayesinzia. Kisha redio ikalia mlio ule wa betri inayokufa, ikanyamaza.

Shelby alikimbia na chupa mkononi. Mchanga ulimvuta visigino. Kona ya kwanza, hakuna. Ya pili, kiatu kimoja. Kwenye ya tatu alimwona: anatembea bado, katikati kabisa ya alama za matairi, mguu mmoja peku, redio ameibana sikioni.

Alimbeba mpaka kwenye kivuli chembamba cha ukingo. Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu. Shelby alimpitishia kiganja shingoni, mgongoni, kwapani. Kukavu kote. Kukavu kama karatasi.

"Nilisema nipo," Linnea alisema kwa hasira, ulimi ukimtatiza. "Ukaniita, nikasema nipo. Halafu mkaondoka."

"Ndiyo. Kunywa kidogo. Kidogo tu."

Alimwagia maji yaliyobaki kichwani, akambeba, akampitia Maren garini, wakarudi kambini kwa miguu. Verna alikuwa ameshatandika mashuka yaliyoloweshwa sakafuni mwa gari lake, feni imeelekezwa hapo, mbwa amefukuzwa kitandani mwake. Wakamvua, wakamfunika, wakampepea. Maren alishika kijiko, akimpa maji yenye chumvi na sukari kama alivyoagizwa. Shelby alipiga magoti, akilitazama paji la uso la mwanawe, na hakukuwa na orodha yoyote ya kumwambia afanye nini baada ya hapo.

Zilipita dakika kumi. Zikapita nyingine. Kwa mbali king'ora kilianza kusikika barabarani.

Verna aliinama, akavaa miwani yake. "Tazama hapo," alinong'ona. "Juu ya mdomo."

Vilikuwa vitone viwili vidogo sana, vinang'aa. Shelby alivigusa kwa ncha ya kidole, akaweka kidole mdomoni mwake. Vilikuwa na chumvi ya jasho. Ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, bila haya, kama mtu aliyeachwa.

Linnea alifungua jicho moja. "Mbona unalia wewe?" alisema. "Aliyesahauliwa ni mimi."