Jino la Tumboni

Leo nesi alipompaka mwanangu spiriti mkononi, harufu ile ilinirudisha wodi ya watoto nilikolazwa utotoni.

Tumbo langu lilikuwa limevimba hata gauni la mitumba nililonunuliwa mnadani likagoma kufunga vifungo. Bibi alisema ni minyoo, akaninywesha dawa chungu pale nyumbani Bariadi mpaka nikaogopa vikombe. Mama hakubishana naye. Alinipeleka hospitali kubwa Mwanza, nikapasuliwa.

Siku kadhaa baadaye daktari alikuja na majibu ya maabara. Mama alisimama, amebana upindo wa kanga mdomoni.

"Uvimbe tuliotoa kwenye ovari ulikuwa na nywele na jino," daktari alisema. "Lakini si saratani."

Mama akakaa sakafuni. Bibi, aliyekuja kuniuguza, akamsogelea daktari.

"Ng'wanone," alimwita kama mwanawe, "jino la juu au la chini?"

"Sijui, bibi."

"Msomi mzima! La juu likitangulia kuota ni mkosi!"

Mama akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Nami nikacheka mpaka mshono ukanivuta, nikapiga yowe. Bibi akatukemea tunyamaze. Alikuwa bado anasubiri jibu.