Gari Linanuka Kabati

Usiku ule nilikwenda kulala nimenuna. Jioni yake Mwanaidi, binti yangu wa pekee, alinipigia simu kutoka Korogwe, na baada ya shikamoo na habari za mgongo wangu akasema, "Mama, lile gari la baba ama uliendeshe, ama nije nilichukue. Linaozea bandani." Nikamwambia halijaoza, linang'aa kuliko siku liliponunuliwa. Akanitakia usiku mwema, nami nikabaki na simu mkononi katika nyumba ambayo hata redio sikuwa naiwasha tena.

Gari lenyewe ni jekundu, la milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba ukitaka kushuka lazima ujivute kama unatoka shimoni. Mume wangu Salehe alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lushoto nzima ilimcheka: mtu wa duka la vipuri vya malori, ananunua gari lisiloweza kubeba hata mkungu wa ndizi. Hakujali. Kila Jumapili aliteremka nalo kona za kwenda Mombo na kuzipanda tena, akikanyaga mafuta mpaka namsikia akiwa bado mbali. Akifika ananuka breki zilizoungua na oili, nami namzuia mlangoni, aende kuoga kwanza kabla hajakalia makochi yangu.

Tuligombana juu ya gari lile tangu liingie uani. Mimi nilitaka litunzwe, yeye alitaka likimbie. "Unalimaliza," nilimwambia. Naye hujibu, "Si ndiyo kazi yake?" na kwenda zake kuoga akipiga mluzi.

Alifia hospitalini, moyo tu, kitandani. Baada ya mazishi gari likawa langu, nikalitunza nilivyotaka. Nilifunga vioo vyote kwa sababu ndani mlikuwa na harufu yake na sikutaka itoke. Nikashona shuka la kulifunika. Viti nikavivisha vitambaa nilivyofuma mwenyewe, vyeupe, kama vya sebuleni. Panya wasije wakatafuna nyaya, nikatawanya mle ndani vidonge vyeupe, vile vya kuweka kabatini kwenye nguo. Kila Jumamosi nililiwasha, likanguruma palepale lilipo, nikalizima. Kuna siku nilikaa ndani, milango imefungwa, nikamsimulia Salehe mambo ya mtaani. Upweke una mambo yake.

Basi usiku ule nikajikuta sebuleni, na gari limo humohumo, katikati ya makochi. Sikushangaa. Nilikuwa natandika vitambaa juu ya boneti, na kila nikitandika kimoja naona bado kuna sehemu nyekundu imebaki wazi. Natandika tena, inabaki. Ndipo naona mtu amekaa ndani.

Ni Salehe. Amekaa kiti cha abiria, mahali ambapo maisha yake yote hakuwahi kukaa, amevaa shati lake la dukani, na magoti yamemgusa kidevu kwa sababu kiti nilikuwa nimekisogeza mbele nilipofagia. Amekonda. Midomo yake inacheza nyuma ya kioo, lakini sauti haitoki.

Nafungua mlango kidogo sana, harufu isipotee.

"Mama Mwanaidi," anasema, "gari linanuka kabati."

Namwambia hapana, linanuka wewe. Anatikisa kichwa taratibu, ananyoosha mkono na kukunjua kiganja. Kimejaa vile vidonge vyeupe. Nainama nanusa, na kweli, hakuna kingine. Namtafuta katika kile kiti, katika usukani, katika vitambaa vyangu. Hayumo. Ni kama siku ile hospitalini waliponirudishia nguo zake kwenye mfuko.

"Kaa kule," anasema, akionyesha usukani.

Nakaa, na ukuta wa sebule haupo. Tuko barabara ya Mombo, mlima upande mmoja, bonde upande mwingine, jua la asubuhi linatupiga usoni. Naendesha kama nilivyozoea kuendesha gari la dukani, gia ya pili, nikikwepa kokoto zisiguse rangi. Mama mmoja mwenye kapu la kabichi kichwani anatupita kwa miguu, anatusalimia. Salehe anamwitikia. Mimi naona aibu.

"Kanyaga."

"Litaharibika, Baba Mwanaidi."

"Na likikaa?"

Nakanyaga. Gari linabadilisha sauti, linajikaza, linashika kona na kuitupa nyuma, kisha nyingine. Vitambaa vinaruka kimoja kimoja na kutoka madirishani, sijui nani kayafungua. Nacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba nina kicheko kile. Namgeukia nimwone kama naye anacheka, na anacheka, lakini tayari anaonekana kwa mbali, ingawa tumekaa bega kwa bega.

"Likipata moto," anasema, "utanikuta."

Nikataka kumuuliza wapi. Kiti kilikuwa kitupu, kimerudishwa nyuma hadi mwisho, kama alivyopenda mtu mwenye miguu mirefu.

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Nilijitanda kanga nikaenda bandani, nikavuta shuka, nikafungua mlango wa gari na kuingiza kichwa. Harufu ya kabati tu. Nililia pale kuliko nilivyolia siku ya mazishi, maana siku ile nilidhani kuna kitu nimebaki nacho.

Kulipopambazuka nikampigia Mwanaidi. "Usije kulichukua. Nalileta mwenyewe."

"Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Mama, uje polepole."

Sikumwahidi. Nikamwita fundi akalipima kila kitu, akabadilisha oili na matairi, nami nikaokota vidonge na kuvua vitambaa. Siku ya safari nikateremsha vioo vyote. Kona za mwanzo nilikwenda na woga wangu. Halafu nikakanyaga, nikakanyaga breki, nikakanyaga tena, na karibu na Mombo gari likapata moto.

Harufu ikapanda kutoka miguuni: breki zilizoungua, na oili. Nikaijua mara moja. Ndiyo niliyomzuia nayo mlangoni miaka yote ile. Nikapunguza mwendo kidogo, nikatazama kile kiti cha pembeni, na safari hii sikumwambia akaoge.