Zamu ya Kulinda Dirisha

Katika ofisi moja ya mradi wa mikorosho huko Likombe, watu watano wenye vyeti walilinda kompyuta kwa zamu kama inavyolindwa ghala. Ukutani palibandikwa orodha: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Programu ya kuchambua vipimo vya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ilikula muda wa saa nane, na muda wote huo dirisha jeusi la amri halikupokea amri nyingine, tarakimu zikipanda tu. Mtu akilifunga, kazi ilikufa. Elia, msimamizi, alishayaona hayo mara mbili, akaamua kwamba dawa yake ni macho ya binadamu.

Zamu hiyo ndiyo iliyomkosesha Somoe, mtakwimu wa mradi, harusi ya binti mkubwa wa kaka yake. Sasa alikuwa anaolewa Shadya, binti wa pili, Ijumaa baada ya alasiri, Mikindani. Kwao shangazi ndiye humfunika kanga bibi harusi kabla sheikh hajaingia kumuuliza ridhaa. Jina la Somoe lilikuwa kwenye orodha ya Ijumaa hiyo.

"Safari hii ukikosa, wifi," alisema Zulfa, mama wa Shadya, "tutajua umeolewa na kompyuta. Biriani tukuletee huko huko."

Alhamisi Somoe akafungua mwongozo wa amri. Ulikuwemo ndani ya mashine hiyo hiyo, miaka sita, na hakuna aliyeusoma, yeye akiwemo.

Ijumaa saa tatu asubuhi aliandika neno "nohup" mbele ya amri yake na alama ya "&" mwishoni. Neno lile huizuia programu isife dirisha likifungwa. Alama ile huipeleka ifanye kazi nyuma, dirisha likabaki huru. Akalifunga dirisha, akafungua jingine, akaitafuta programu. Ilikuwa hai.

Elia akaja na kikombe cha chai. "Mbona tarakimu hazipandi?"

"Kazi iko nyuma, bosi."

Elia akazunguka meza, akainama. "Huku kuna waya na vumbi tu."

"Nyuma ya dirisha."

Elia akatupa jicho nje, uani, ambako mbuzi alikuwa akila katoni.

"Somoe, mimi nikiandika kwenye ripoti kwamba kazi iko nyuma, wakubwa watasoma kwamba tumechelewa. Hatoki mtu hapa mpaka nione tarakimu."

Kubishana naye kungemla hadi magharibi. Somoe akaliamuru dirisha lionyeshe mistari ambayo programu ilikuwa ikiandika kwenye faili. Tarakimu zikapanda. Uso wa Elia ukakunjuka.

"Sasa hii ndiyo kazi."

"Hiki ni kioo cha kuitazamia tu. Hata ukilifunga hili, kazi inaendelea. Lifunge uone."

Elia akarudisha mkono wake mfukoni. "Nani atalilinda ukiondoka?"

Somoe akaenda ukutani, akakata jina lake kwenye orodha, akaandika la Elia. "Jambo zito kama hili linataka mkubwa, bosi."

Elia alilitafakari hilo, akaliona kuwa la haki. Saa tisa akavuta kiti, akakaa wima, kikombe mbali na kibodi.

Mikindani, kanga ilikuwa ndiyo kwanza imetua kichwani kwa Shadya simu ilipotetemeka.

"Somoe, nimelifunga dirisha. Kwa kiwiko." Alikuwa Elia. "Kazi imekufa?"

Zulfa alikuwa anamtazama kwa jicho kali. Mlangoni sheikh alikuwa anavua viatu.

"Iko nyuma, bosi," alisema Somoe, akazima simu.

Jumatatu alikuta matokeo kamili kwenye faili, yamekwisha tangu saa kumi na moja jioni ya Ijumaa ile. Kwenye orodha, Elia alikuwa amejaza saa ya kutoka: kumi na mbili na nusu jioni. Alikuwa amelinda dirisha tupu hadi jua likazama, na sahihi yake ilikuwa kubwa kuliko zote ukutani.