Makaa Meusi ya Savrinisso

Mjini Istaravshan hapakuwa na bi harusi wa maana aliyeolewa bila mifarishi ya Savrinisso, yale mablanketi mazito ya pamba yaliyoshonwa kwa mkono. Kwa miaka arobaini mkono wake ulikuwa mwepesi na mshono wake umenyooka. Lakini tuseme ukweli, mama huyu alikuwa na wivu tangu ujana wake, na uzee haukumpunguzia hata chembe.

Chumba chake kimoja ndicho kilichokuwa nyumba, na ndicho karakana. Katikati palikuwa na sandali, meza fupi iliyokaa juu ya shimo la makaa na kufunikwa mfarishi mkubwa. Washonaji waliingiza miguu chini yake, kazi ikaendelea juu. Majira ya baridi umeme ulikatika saa mbili asubuhi ukarudi jua likizama, wala hawakujali. Wanawake wanne walishona hapo, wakinywa chai na kuwasengenya wakwe zao kwa raha.

Mpaka Hanifamo alipoleta jiko.

Hanifamo alikuwa mke wa shemeji yake Savrinisso, na waliishi ua mmoja, mlango ukitazamana na mlango. Mwanawe aliyekuwa kibaruani Urusi alimletea jiko la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje. Chumba kizima kikapata joto, si miguu peke yake. Washonaji wakaanza kuhamia kwake na kazi zao. Wa kwanza alisema mgongo unamuuma, wa pili akamfuata wa kwanza, wa tatu alivuka bila hata kuaga. Kicheko chao kilipovuka ua, Savrinisso alikata uzi kwa meno na mkasi uko mapajani.

Akabaki Mahfirat. Huyu alikuja kujifunza akiwa na miaka kumi na miwili, sasa ana ishirini na minne. Majira ya kuchipua yakifika, Savrinisso angemsomea dua ya ufundi mbele ya wanawake na kumvisha kidoleni subana ya fedha, ile kofia ya kuzuia sindano, aliyoachiwa na mwalimu wake mwenyewe. Kuanzia hapo Mahfirat angekuwa fundi kamili, na watu wangemtaja kuwa mkono wa Savrinisso. Hilo ndilo alilobakiwa nalo, na ndilo lililomkosesha usingizi, kwa maana wiki ile Mahfirat alikuwa amevuka ua mara mbili.

"Jana ulikwenda kuota jiko la watu," Savrinisso alimwambia.

"Nilikwenda kuazima mkasi, bibi."

"Wangu umeota kutu?"

"Hapana, bibi."

"Leo unaazima mkasi. Kesho utaazima na mama."

Mahfirat aliinamia sindano yake.

Sasa, kule hata mtoto anajua kwamba makaa huwashwa uani, na hayaingii chini ya sandali mpaka yawe meupe kwa jivu. Makaa meusi hutoa hewa inayoua. Savrinisso mwenyewe aliwahi kuwachapa wanafunzi vidole kwa haraka hiyo. Lakini Jumanne ile, akiwa amechutama uani anapuliza, alimwona Mahfirat anaingia getini, na Hanifamo amesimama mlangoni kwake na birika.

"Mahfirat, mwanangu, chai ya maziwa tayari. Njoo upashe mikono kwanza."

Mwanangu! Neno hilo lilimchoma Savrinisso. Aliyatazama makaa. Katikati yalikuwa bado meusi. Akayazoa kwa koleo, akayamwaga shimoni, akatandaza mfarishi.

"Huku kuna joto tangu alfajiri," aliita, na ulikuwa uongo mtupu.

Mahfirat aliingia. Alisita kidogo, akavuta pumzi puani, akamtazama bibi yake usoni. Kisha akakaa, akaingiza miguu.

Walishona. Baada ya muda msichana akanyamaza, kope zikamlemea, akalaza shavu juu ya mfarishi. Savrinisso alimwona, akafurahi kwelikweli. Acheke yule na bomba lake, alijisemea, mtoto wangu anasinzia kwangu kama kwa mama yake. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kizito, akadhani ni furaha. Alipotaka kuinuka ammiminie chai, miguu ilikataa.

Alipozinduka alikuwa amelala thelujini, na Hanifamo amemshikia puani bakuli la maji ya achari, makali kiasi cha kutoa machozi.

"Mahfirat," alisema.

"Ametapika, yuko hai. Nyamaza uvute pumzi, dada."

"Nani alikuita kwangu?"

"Hakuna. Nilikuja kuchungulia," Hanifamo alisema. "Nilijiuliza, huyu kizee amempikia nini leo hata mtoto asitokeze pua? Roho iliniuma, nikaja. Haya, nicheke."

Savrinisso hakucheka. Waliingizwa wote wawili kwenye chumba chenye jiko, na washonaji wakawapisha. Mahfirat aliegemea ukuta, midomo bado haina damu.

"Mwanangu," Savrinisso alimwambia mbele ya wote, "makaa yalikuwa meusi. Niliyaona, nikayaweka. Niliogopa utavuka."

Mahfirat alizungusha bakuli la chai mikononi.

"Nilijua, bibi. Niliisikia harufu pale mlangoni."

"Ukaingia? Kwa nini hukusema?"

"Ungesema natafuta sababu ya kuja huku."

Savrinisso alifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Kisha akamwomba Hanifamo, kwa sauti iliyokaribia kutosikika, amtume mtu akamchukulie sindano zake kule chumbani kwake, ashone nao hapo.